Hyang-mi, fundi viatu anayewarekodia viziwi wenzake njia ya kukutana

Ni saa moja kasorobo asubuhi, na Pyo Hyang-mi anatembea kinyumenyume kwenye mdomo wa kituo cha treni ya chini ya ardhi, katikati ya jiji la Daegu, Korea Kusini. Simu ameishika kwa mkono wa kushoto, ameinyoosha mbele ya uso wake. Mkono wa kulia unazungumza.

"Umetoka mlango namba tatu. Unaniona nilipo? Basi geuka kushoto," mkono unasema. "Kulia kuna mama anauza kimbap, wali wa kuviringishwa. Nunua ukitaka, lakini ukishanunua rudi hapa hapa niliposimama."

Wanafunzi wenye sare wanampisha. Mzee aliyetoka na mbwa wake anasimama kumtazama. Hyang-mi hana habari nao. Anazidi kurudi nyuma huku akiielekeza simu yake kwenye ukuta wa matofali, kisha kwenye daraja la waenda kwa miguu, mpaka mgongo wake unapogonga nguzo ya taa. Anacheka. Anaigeuza simu ili nguzo nayo ionekane.

"Na hapa kuna nguzo. Ninyi mmeiona? Mimi sikuiona."

Mwisho wa safari ni mlango wa kijani wa mkahawa mmoja wa supu ya nyama. Anaurekodi mlango, anarekodi ngazi mbili za kuingilia, anaonyesha kwa vidole kwamba ni Jumamosi, saa sita mchana. Kisha anabonyeza, na video inakwenda. Kabla hajafika kazini, viziwi zaidi ya mia moja na thelathini wa Daegu na vitongoji vyake wanaijua njia ya kukutania mwezi huu, na hakuna hata herufi moja waliyolazimika kusoma.

Hyang-mi ana miaka hamsini na tisa. Hasikii tangu akiwa na miaka mitatu, alipougua surua. Kazi yake ni kushona ngozi za juu za viatu katika kichochoro cha mafundi viatu cha Hyangchon-dong, mahali ambapo zamani milango yote ilikuwa ya mafundi na sasa nusu yake imefungwa.

Hulipwa kwa jozi, won elfu saba hivi. Siku ikiwa nzuri hushona jozi kumi na tano. Kuna majuma yanapita cherehani imefunikwa kitambaa, kwa sababu vijana wanapenda raba.

"Sasa hivi mwenye hela ananunua kiatu cha Italia, asiye na hela ananunua raba," anasema. "Katikati hapo ndipo nilipo mimi."

Anayasema hayo kwa lugha ya alama, na binti yake, Ha-eun, anayafikisha kwa sauti. Ha-eun anasikia. Ni mwalimu wa chekechea, na amekuwa mkalimani wa nyumba tangu akiwa na miaka minne.

"Watu wanadhani nyumba ya viziwi ni kimya," Ha-eun anaongeza la kwake mwenyewe. "Waje kwetu. Mama akitaka kumwita baba anapiga sakafu kwa mguu mpaka jirani wa chini anakuja kugonga."

Mama yake anamtazama mdomoni. "Umesema nini?"

"Nimesema wewe ni mpole."

"Mwongo mkubwa!"

Kundi la Hyang-mi hukutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mkahawa anauchagua mwenyewe, na hauchagui kwa utamu wa chakula. Anaingia, anatazama taa. Anatafuta meza za duara ili kila mtu aone mikono ya kila mtu. Anahesabu nguzo za ndani, maana nguzo moja ikikaa vibaya inawakata watu wawili wasiongee mchana kutwa.

"Mwanga kwanza, chakula baadaye," anasema. "Supu mbaya utaisahau. Ukikaa gizani hujakutana na mtu."

Mama Ku, mwenye mkahawa wa mlango wa kijani, anakumbuka alivyoogopa walipokuja mara ya kwanza. "Niliona mikono inarushwa huku na huku, nikasema leo vyombo vyangu vimekwisha, hawa wanapigana. Kumbe walikuwa wanabishana nani alipe."

Hyang-mi alianza kazi ya viatu akiwa na miaka ishirini na mbili. Aliyemfundisha alikuwa fundi mkubwa wa karakana, kiziwi kama yeye, aitwaye Tak Gi-ho. Tak alikuwa mtu wa kuwamba ngozi kwenye kalibu yenye umbo la mguu na kupigilia soli. Kwa wenzake jina lake halisemwi kwa mdomo. Wanapitisha kidole juu ya nyusi ya kushoto, palipo na kovu alilopata kwa kisu cha ngozi. Jina la Hyang-mi ni kidole kinachobonyeza shavu, kwa ajili ya kishimo chake. Jina hilo alipewa na Tak.

"Siku ya kwanza alinipa kipande cha ngozi na sindano, akaniambia, 'Usitazame mkono wangu. Tazama uzi unavyokwenda,'" anasimulia. "Nilimwita kaka. Mpaka leo namwita kaka, ingawa wengine wote wanamwita mzee."

Wakati huo viziwi wa Daegu walikuwa na mahali pamoja tu pa kukutania. Ni mbele ya duka kubwa la Dongseong-no, chini ya saa yake ya ukutani. Jiji zima lilikuwa likikutana hapo, lakini wanaosikia walikuwa na simu za nyumbani za kuambizana wanachelewa. Kiziwi hakuwa na namna. Ukiugua, ukikosa basi, ukinyimwa ruhusa na bosi, mwenzako alisimama pale mpaka miguu ife ganzi, asijue kama umekufa au umemchoka.

Hyang-mi anayajua hayo vizuri, na mume wake anayajua zaidi.

Mume wake ni Seok Dong-pil, seremala, naye kiziwi. Walipokuwa wachumba yeye aliishi Gyeongsan, mji wa jirani. Jumamosi moja walipatana wakutane chini ya saa. Basi la Dong-pil likaharibika njiani. Hyang-mi alisubiri, akasubiri, akahisi mchumba anaumwa. Akapanda basi kwenda Gyeongsan.

Dong-pil akafika dukani, asikute mtu. Akaenda karakana, akaambiwa ametoka. Akaenda kwa shangazi yake Hyang-mi, hayuko. Wakati huo Hyang-mi yuko Gyeongsan, mama mwenye nyumba anamwonyesha kwa ishara kwamba mpangaji wake alitoka asubuhi. Akapanda basi kurudi mjini. Dong-pil naye akaona lililobaki ni kurudi Gyeongsan.

"Nafikiri mabasi yetu yalipishana mara mbili," anasema Dong-pil. "Labda hata nilimwona dirishani nikadhani ni mwingine."

"Uliniona ukajificha," anamkatiza mke wake.

"Ningejificha nikajiokoa, leo ningekuwa mtu huru."

Walionana Jumatatu mlangoni pa karakana, kila mmoja amevimba kwa hasira. Mafundi wote waliacha kazi kutazama ugomvi ule. "Alinitukana kwa mikono miwili," anasema Dong-pil, "nami nikamjibu kwa miwili. Mwaka uliofuata tukaoana."

Kisha zikaja peja, vidude vidogo vya kuvaa kiunoni, vinavyotetema na kuonyesha namba. Wanaosikia walizitumia kuambiana wapigiane simu. Viziwi waliona mengine kabisa. Mtetemo ni kitu wanachokisikia kwa ngozi, na namba ni namba.

Aliyezigeuza namba zile kuwa maneno alikuwa Tak. Maisha yake yote alikuwa anafanya kazi na namba za miguu ya watu, hivyo hakuna aliyemzidi kwa kuzikumbuka. Moja ilikuwa mbele ya duka. Mbili, bustanini. Tatu, nyumbani kwa Tak mwenyewe, leta kinywaji. Namba inayofuata ilikuwa saa. Sifuri ilikuwa na maana ya usinisubiri.

"Hiyo sifuri usiione ndogo," anasema Hyang-mi. "Kabla yake hatukuwa na njia ya kumwambia mtu asitusubiri. Nilipoipata mara ya kwanza, nimesimama kwenye mvua, nilifurahi kama niliyepewa zawadi. Nikaenda zangu nyumbani."

Zikafuata simu za mkononi zenye ujumbe wa maandishi. Furaha ikawa kubwa zaidi. Mtu aliweza kusema nachelewa, au mahali hapa pamejaa, twende kule. Hakukuwa na haja tena ya kusimama chini ya saa. Kila mwezi mahali palibadilika, na Hyang-mi, ambaye alikuwa hodari wa kuandika, ndiye aliyekuwa akiwatumia wenzake ujumbe. Alijiona amewapa viziwi wa Daegu mji mzima.

Tak naye alinunua simu, ingawa wakati huo yeye na Hyang-mi hawakuwa tena karakana moja. Mara chache za mwanzo alikuja akiongozana na fundi mwenzake wa benchi moja. Fundi yule alipohamia Busan, Tak hakuonekana tena. Baadaye karakana yake ikafungwa, zikaja habari kwamba amerudi kwao Uiseong kwa mdogo wake, kulima vitunguu saumu. Watu walisema amezeeka, amechoka na kelele za mji. Miaka ikapita mingi.

Walikutana tena kwenye msiba wa fundi mmoja wa zamani. Hyang-mi alimwona amekaa peke yake pembeni, bakuli la supu ya msiba liko mbele yake halijaguswa. Alimkimbilia. Tak hakuinua mkono.

"Kaka, mimi hapa! Shavu! Umenisahau?"

"Sijamsahau mtu. Ninyi ndio mlihama bila kuniaga."

"Tulihama wapi?"

"Nilikuja dukani. Nilisimama chini ya saa baridi yote ile. Kila Jumamosi ya kwanza. Watu wanakuja, wanachukuana, wanaondoka. Wa kwetu hakuna hata mmoja."

Hyang-mi alishangaa. "Lakini nilikutumia ujumbe, kaka. Kila mwezi nilikutumia. Mahali, saa, kila kitu."

Tak alilisogeza bakuli lake pembeni. Kisha mikono yake ikasema, polepole, chini ya meza, ili watu wa meza nyingine wasione.

"Simu ilikuwa inatetema. Naifungua, naona sisimizi. Naifunga."

Hapo ndipo Hyang-mi alipojua. Tak hakuwahi kusoma. Alizaliwa kiziwi katika nyumba ya wakulima ambao Vita vya Korea viliwaacha hawana kitu, hakuna aliyempeleka shule, na lugha ya alama yenyewe aliipata ukubwani, karakanani, kwa wenzake. Lakini miaka yote ile alikuwa akitembea na gazeti lililokunjwa mfuko wa nyuma wa suruali. Hakuna aliyefikiri kumuuliza habari zilizomo.

"Nikamwambia, kwa nini hukutuambia hujui kusoma?" anakumbuka. "Akanijibu, 'Kwa nini hamkuniuliza?'"

Ha-eun anatafsiri hilo. Mama yake ameshika kipande cha ngozi, anakipapasa ukingo wake kwa kidole gumba.

"Yeye ndiye aliyetutungia namba," anaendelea. "Peja haikumwacha. Ile tuliyoisifu sana, ya maandishi, ndiyo iliyomwacha. Na hakuwa peke yake. Nilipoanza kuuliza niligundua wako wengi, wa umri wake, hasa akina mama. Tulikuwa tunasema wamezeeka. Hawakuzeeka. Walikuwa hawajui tulipo."

Wakati ule simu za video zilikwishaenea, na wenzake walikuwa wakizungumza kwa alama kwenye kioo kila siku, mkono mmoja umeshika simu na mmoja unasema. Lakini mialiko ya mkutano ilikuwa bado inaandikwa, kwa mazoea tu.

Hyang-mi alikwenda Uiseong. Akamkuta Tak ana simu nzuri aliyonunuliwa na mtoto wa mdogo wake, anaitumia kutazama saa. Akamwonyesha picha ndogo ya uso wake kwenye kioo, akamwambia, ukibonyeza huu uso nitatokea. Tak akabonyeza. Simu ya Hyang-mi ikatetema mfukoni pale pale sebuleni.

"Uko hapa, kwa nini nikuite?" Tak aliuliza.

"Ni mazoezi, kaka."

"Mazoezi ni ya watoto. Nimeelewa."

Aliporudi mjini alifanya jambo ambalo hakuwahi kuliona popote. Alikwenda kwenye stendi ya mabasi yatokayo kaskazini, akasimama mlango ule ule atakaoshukia Tak, akawasha simu na kuanza kutembea. Alirekodi kituo cha basi la mjini, akaonyesha kwa vidole namba ya basi, akapanda, akarekodi daraja ambalo ukiliona ujiandae kushuka. Akashuka Soko la Seomun. Akapita kwa muuza matunda ya persimoni mwenye mwavuli mwekundu, akakata kulia, akafika kwenye mkahawa wa tambi za kukata. Akamtumia.

Jibu lilikuja kesho yake. Lilikuwa dole gumba lililorekodiwa, limejaa kioo kizima.

Jumamosi ile ilinyesha mvua.

Watu ishirini na kitu walikwishakaa kwenye meza zao, madirisha yamejaa ukungu wa tambi. Kiti cha karibu na Hyang-mi kilikuwa kitupu. Saa sita ikapita. Saa sita na nusu ikapita. Hyang-mi alikuwa akiinuka kila mlango ulipofunguka.

"Kaa chini, dada, unatuzungushia upepo," alimtania Gong Sun-i, mshonaji mwenzake, ambaye siku zote yeye ndiye wa mwisho kufika. "Mimi nikichelewa hunisimamii hivyo."

"Wewe usipokuja tunashukuru Mungu."

Dong-pil alimgusa begani. "Pengine hakupanda basi. Mtu mzima, mvua hii."

"Amepanda."

"Umejuaje?"

"Amepanda," alirudia, akainuka tena.

Simu yake ilitetema. Ilikuwa ni simu ya video, ya Tak. Hyang-mi aliipokea, na alichokiona kilikuwa giza lenye nywele nyeupe na kitu kilichojikunja. Ilimchukua muda kutambua. Lilikuwa sikio. Tak, ambaye hajasikia sauti tangu azaliwe, alikuwa ameiweka simu sikioni, kama alivyoona watu wote duniani wakifanya.

"Nililipungia mkono sikio," Hyang-mi anasema, na sasa anacheka mpaka anafuta macho. "Nikaliambia sikio, kaka, geuza! Kaka, nitazame! Sun-i akanyakua simu, na yeye akaanza kulisemesha. Meza nzima tunaongea na sikio."

Mwishowe sikio likaondoka na uso wa Tak ukaja, maji yanamtiririka kwenye kovu.

"Miavuli yote ni myekundu," alisema.

Hapo Hyang-mi aliona kosa lake. Siku ya jua soko lilikuwa na mwavuli mwekundu mmoja. Siku ya mvua kila muuzaji amefungua wake. Tak alikata kulia kwenye mwavuli wa mtu mwingine, akatokea asikokujua.

"Usitembee tena, kaka. Simama hapo hapo. Igeuze simu nione unachokiona wewe."

Picha ikazunguka. Majora ya vitambaa yamepangwa mpaka darini. Kitanda cha mito ya hariri ya maharusi. Ngazi za chuma zilizopakwa rangi ya bluu. Kichochoro cha vitambaa, lakini ni kipi kati ya vile vyote? Hyang-mi aliinua simu juu ili kila mtu aone. Sun-i, ambaye mama yake aliuza mablanketi sokoni miaka mingi, alipiga meza kwa kiganja mpaka bakuli zikaruka.

"Ngazi za bluu! Nyuma ya jengo la pili! Nazijua!"

Hawakwenda wawili au watatu. Waliinuka wote. Mwenye mkahawa alitoka jikoni na mwiko mkononi, akakuta tambi zinafuka moshi na hakuna mtu wa kuzila. Viziwi ishirini na kitu walipita sokoni kwenye mvua, wengine bila miavuli, Sun-i mbele, safari hii hakuna wa kumsubiri.

Tak alikuwa amesimama chini ya ngazi za bluu, amevaa koti la suti na viatu alivyojishonea mwenyewe, simu ameikumbatia kifuani isilowe. Hyang-mi alifika akihema. Alikuwa ameandaa maneno mengi ya kumwomba radhi, yakampotea yote.

Tak alibonyeza shavu lake kwa kidole. Shavu. Kisha akawatazama wote waliojipanga nyuma yake kwenye mvua, mmoja mmoja, akasema:

"Mmechelewa."

"Tulilia pale sokoni kama watoto," anasema Dong-pil. "Wauza vitambaa walidhani tumefiwa."

Tangu siku hiyo hakuna mwaliko unaoandikwa. Kila mwezi, kabla ya kazi, Hyang-mi huitembea njia na kuirekodi. Amejiwekea masharti. Haonyeshi mwavuli, gari lililoegeshwa, wala bango la duka, kwa kuwa maduka yanafungwa siku hizi kila kukicha. Anaonyesha madaraja, ngazi, miti mikubwa ya barabarani, rangi za majengo. Na haanzi kutembea mpaka asimame kwanza mahali pa kuanzia, ageuke taratibu, ili mtazamaji apate kujua yuko wapi.

Wazee waliokuwa wamepotea walianza kurudi mmoja mmoja. Bibi mmoja wa Pohang, aliyekuwa hajatoka mtaani kwake bila mwanawe kwa miaka, sasa huja peke yake na kurudi na basi la jioni. Wanaume wa Gumi waliomba warekodiwe njia ya kwenda kliniki ya macho, kuanzia getini mpaka kwenye dirisha la kuchukulia namba. Akaenda siku yake ya mapumziko, akawarekodia.

Hakuna anayemlipa. Dong-pil alimchongea kishikio cha mbao cha kuwekea simu ili apate kutumia mikono yote miwili. Alikikataa, akasema kinamfanya aonekane mtalii. Sasa kinashikilia mlango wa karakana usijifunge.

"Mimi nashona sehemu ya juu ya kiatu," anasema. "Jina langu haliandikwi kokote, linaandikwa la duka. Sijali, kazi ni kazi. Lakini mtu akiingia mlangoni amelowa, peke yake, hakuletwa na mtoto wala jirani, akanitazama kama anasema nimefika, hiyo ni kazi yangu na kila mtu anajua ni yangu. Najivunia. Niseme ukweli, najivunia sana."

Ha-eun anamaliza kutafsiri na kuongeza, bila kumtazama mama yake, "Na sisi tunajivunia." Safari hii mama hakuuliza binti amesema nini. Amesoma mdomoni.

Majuma mawili yaliyopita, akiwa kwenye cherehani, simu yake ilitetema juu ya meza. Ilikuwa video kutoka Uiseong. Anaifungua ili mwandishi aione.

Inaanza na dole gumba limeziba nusu ya picha. Dole linaondoka, inaonekana stendi ndogo ya mabasi yenye benchi, milima nyuma yake. Mkono mnene wa fundi unaingia kutoka pembeni na kusema, umeshuka? Haya, nifuate. Picha inayumba, inaonyesha zaidi miguu kuliko njia. Unapita mfereji wa maji. Unapita ghala la mpunga. Linatokea jibwa jeusi linalobweka bila sauti, maana Tak hajui kwamba simu inarekodi na sauti na ameizima kwa bahati mbaya.

"Nilimpigia nikamwambia, kaka, si tulikubaliana vitu visivyohama? Umeniwekea mbwa!" anasema Hyang-mi. "Akaniambia huyo mbwa amefungwa mnyororo miaka saba, hahami kwenda kokote."

Baada ya mbwa yanakuja mashamba ya vitunguu saumu, kijani kitupu mpaka kwenye vilima, na mwisho lango la chuma. Hapo Tak anaigeuza simu. Uso wake unajaa kioo, karibu mno, pua kubwa kuliko macho. Anasema ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, asubuhi. Wanang'oa vitunguu. Nyama ipo, kivuli kipo, mwanga ni wa jua lenyewe na hakuna nguzo hata moja. Watu wote waje. Waje na glovu.

Tak ana miaka sabini na mitano. Ni mara yake ya kwanza kumwalika mtu kwa simu.

Mpaka juzi watu arobaini na watatu walikwishajibu kwamba watakwenda, na Sun-i ameapa kulala stendi ili asikose basi la kwanza. Hyang-mi ameshona jozi za ziada jioni kadhaa ili siku hiyo afunge kazi bila wasiwasi.

Anaulizwa kama atakwenda mapema kuirekodi njia vizuri zaidi, kwa ajili ya wasiomwelewa mzee na dole lake.

Anatikisa kichwa kabla Ha-eun hajamaliza kutafsiri swali.

"Njia ameionyesha mwenye nyumba. Niiguse ya nini? Mwezi wa sita mimi ni mgeni kama wageni wengine, nafuata tu. Nataka nifike, nivue viatu, nile, nikae nimeupa mlango mgongo. Wanaokuja atawapokea yeye."